Watoto Waliopelekwa Kuamia Ndege

Kila Jumapili, Misa ilipokwisha, Adolfu alitoka kanisani akitembea kifua mbele. Sababu ilikuwa binti yake, Luciana. Luciana alikuwa Darasa la Nne katika Shule ya Msingi Lyasenga. Kanisani alikaa benchi la mbele. Alishika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili, akaimba ubeti baada ya ubeti, wala hakukosea neno.

"Huyu ni msomi," Adolfu alimwambia mkewe, Rozina, walipokuwa njiani kurudi nyumbani.

"Msomi aanze kwa kuteka maji," Rozina alijibu. "Ndoo ni tupu tangu asubuhi."

Luciana alicheka, akakimbia mbele kuchukua ndoo.

Lyasenga ni kijiji kilicho juu katika uwanda wa Ufipa, kando ya njia ya kwenda Kaengesa. Watu wake hulima mahindi, maharage na ulezi. Upepo wa huko hauna adabu; hupita hata katikati ya makoti mawili. Mtu asiyefanya kazi kwa bidii hawezi kuishi mahali pale. Adolfu alifanya kazi kwa bidii. Naye aliamini kwamba mtoto wake anafanya hivyo hivyo shuleni.

Mwaka ule viwavi waliingia katika mahindi mapema. Adolfu alikwenda Sumbawanga mjini, akanunua dawa ya kupulizia. Aliporudi aliketi uani na chupa ile mkononi. Maandishi yake yalikuwa madogo, na macho ya Adolfu yalikuwa yameanza kuchoka.

"Luciana, njoo unisomee. Dawa hii inachanganywa na maji kiasi gani?"

Luciana aliichukua chupa. Aliigeuza. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Imeandikwa ni dawa ya mahindi, baba."

"Hilo nalijua. Nimeuliza kipimo."

Luciana aliigeuza tena ile chupa. Adolfu alidhani kwamba maneno ya dawa yale ni magumu. Akaokota kijiti, akaandika chini, katika vumbi, neno moja tu kwa herufi kubwa: MAMA.

"Basi soma hili."

Midomo ya Luciana ilitikisika. "Ni jina langu?" aliuliza polepole.

Rozina, aliyekuwa akipepeta maharage, aliuacha ungo.

"Na zile nyimbo za kanisani?" Adolfu aliuliza. "Unazisomaje?"

"Sizisomi, baba. Nazijua tu. Nilizisikia kwa bibi tangu nikiwa mdogo." Machozi yalianza kumtoka. "Shuleni tuko wengi hivi. Tunakaa nyuma. Mwalimu akisema tusome, tunafuata sauti za wale wa mbele."

Adolfu hakugomba. Hakujua amgombeze nani. Binti yake alikuwa amekwenda shule kila siku, mvua ikinyesha, upepo ukivuma. Daftari zake zilijaa maandishi aliyonakili ubaoni, mistari iliyonyooka vizuri. Inawezekanaje mtu aandike asichoweza kusoma? Jambo hili lilimchanganya akili hata usingizi ukamkimbia. Kilichomtisha zaidi ni kwamba mwisho wa mwaka Luciana angefanya upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne. Asiyefikia kiwango hurudia darasa.

Asubuhi alikwenda kumwona Mwalimu Basil, mwalimu mkuu.

"Shikamoo, mwalimu." Adolfu alimwamkia hivyo ingawa Basil alikuwa mdogo kwake. Aliiheshimu kazi yake.

"Marahaba, Mzee Adolfu. Hayo ya Luciana nayajua," mwalimu alisema baada ya kumsikiliza. Alionekana amechoka. "Watoto ni wengi, walimu ni wachache. Anayebaki nyuma katika Darasa la Kwanza anaendelea kubaki nyuma. Lakini vuta subira. Watu wa halmashauri wanakuja kutembelea shule zote za kata hii. Wanataka kuona watoto wanajifunza namna gani."

"Wanakuja kusaidia au wanakuja kuhukumu?"

Mwalimu Basil alitazama dirishani. "Hata mimi ningependa kujua," alisema.

Jibu lile halikumsaidia Adolfu hata kidogo.

Habari za ugeni ule zilienea kijijini, na kila aliyezipokea alizipitisha zikiwa zimenenepa. Mmoja alisema shule itakayoonekana dhaifu itafungwa. Mwingine alisema mwalimu mkuu atahamishiwa bondeni, Ziwa Rukwa. Mama mmoja aliapa kwamba wazazi wa watoto wasiojua kusoma watapelekwa mahakamani. Adolfu alisikia yote. Hakujua aamini lipi, na hakumwona hata mtu mmoja aliyekwenda kuuliza.

Ndipo Mzee Wilibrodi akawaita wazazi. Wilibrodi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa mtu mwenye heshima, mwenye sauti nzito, na mwenye kupenda jina la Lyasenga kuliko shamba lake mwenyewe.

"Ndugu zangu," alisema, "mgeni akija kwako unamkaribisha wapi?"

"Sebuleni!" watu waliitikia.

"Je, unampeleka jikoni akaone sufuria iliyoungua?"

"Aka! Hapana!"

"Basi. Ulezi umeanza kukomaa, na ndege ni wengi. Siku ya wageni, watoto wenye vichwa vizito waende mashambani kuamia ndege. Wepesi wabaki darasani. Shamba litapona, na jina la kijiji litapona."

Watu walicheka na kupiga makofi. Adolfu aliinua mkono.

"Mzee, nimechanganyikiwa kidogo. Mgeni huyu si amekuja kuangalia jiko lenyewe? Tukimfungia mlango wa jikoni, ataona nini?"

"Adolfu!" Wilibrodi alimkata. "Wewe wasiwasi wa nini? Binti yako anaimba kanisani mpaka paroko anatabasamu! Waachie wenye watoto wazito wahangaike."

Watu walicheka tena. Wote walimgeukia Adolfu, wakimtazama kwa kijicho kidogo, kama wamtazamavyo mtu mwenye bahati. Hapo ndipo angesema, "Luciana hajui kusoma." Maneno yalifika kooni. Aibu ikayarudisha chini. Akaketi.

Siku ya wageni ilipofika, Luciana hakuvaa sare. Rozina alimpa debe tupu na kijiti, naye Luciana akaenda na wenzake mashambani. Walipiga madebe, wakapiga kelele, ndege wakaruka kutoka shamba moja hadi jingine.

Shuleni uwanja ulikuwa umefagiliwa. Gari jeupe liliingia, likiwa na maofisa wa halmashauri. Pamoja nao alikuwa Bi. Kristiana, Afisa Elimu Kata, ambaye alikuwa mgeni katika kata ile. Walikaa mbele ya Darasa la Nne. Watoto waliokuwepo walisoma vizuri, mmoja baada ya mwingine. Bi. Kristiana aliuliza mbona madawati ya nyuma yako wazi. Mzee Wilibrodi akajibu upesi kwamba baadhi ya watoto wana mafua, kwa sababu ya baridi ya Ufipa. Mwalimu Basil aliinamisha kichwa.

Wageni walishukuru, wakaondoka. Jioni ile Lyasenga ilifurahi.

Luciana alirudi nyumbani sauti imemkauka kwa kupiga kelele. Aliketi karibu na baba yake.

"Baba, wale wageni walikuja kuwaona watoto wanaojua kusoma?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Sasa wanaojua wanaangaliwa ili iweje?"

Adolfu aliinuka, akamletea maji ya kunywa.

Miezi ilipita. Ulezi ulivunwa, mahindi yakakauka shambani. Kisha habari nyingine ikafika. Halmashauri ilikuwa imepeleka mwalimu mpya katika Shule ya Msingi Itelele, kijiji cha jirani. Mwalimu yule alikuwa amefunzwa hasa kuwafundisha watoto wanaochelewa kusoma. Vitabu vya hadithi vilipelekwa pia, na walimu wote wa Itelele walipewa mafunzo.

Lyasenga ilipelekewa pongezi.

Watu wa Lyasenga walitazamana. Tangu zamani Itelele ilikuwa kijiji cha kuchekwa. Shule yake ilikuwa ya mwisho katika kata. Sasa ya mwisho imepewa, na iliyosifiwa imeachwa mikono mitupu. Wengine walisema Itelele wana ndugu yao ofisini. Wengine walisema serikali siku hizi inapenda wavivu.

Adolfu alikutana na shemeji yake, Yonas, kwenye mashine ya kusaga. Yonas alikuwa mkazi wa Itelele na alikuwa amemwoa dada yake Adolfu.

"Shemeji, habari za washindi?" Yonas alimtania. "Tumesikia Lyasenga mmeiva. Sisi ndio mbichi, ndiyo maana tunaongezewa kuni."

"Mlimhonga nani, shemeji?"

"Tumhonge kwa nini? Siku ya wageni walikaa darasani watoto wote, wazito kwa wepesi. Mwanangu Elia alisimama mbele yao akakwama kwenye neno la kwanza. Nilitamani ardhi inimeze! Wewe ungenicheka mpaka leo." Yonas alifuta unga usoni. "Sasa nenda kamsikilize. Anasoma, shemeji. Polepole, lakini anasoma."

Adolfu hakucheka. Alifunga gunia lake vibaya, unga ukamwagika, naye hakuona.

Nyumbani alimkuta Luciana akikunja nguo zake.

"Unakwenda wapi?"

"Namanyere, kwa mama mdogo. Anatafuta wa kumshikia mtoto. Baba, nimechoka kukaa nyuma. Nikirudia Darasa la Nne, wadogo zangu watanikuta pale pale na mimi bado sijui. Afadhali nijue kulea."

Alisema bila kulia, kama mtu aliyekwisha kupima mambo yake. Adolfu aliogopa zaidi kwa sababu hakulia.

"Nipe siku chache," alimwambia. "Kuna jambo silielewi. Nikilielewa nitakwambia. Kabla ya hapo usiondoke."

"Sawa, baba. Lakini mama mdogo hatasubiri sana."

Kesho yake Adolfu alivaa koti lake la Misa, akaenda ofisi ya kata. Bi. Kristiana alikuwa nje, akifunga helmeti ili apande pikipiki yake.

"Mama, naomba unisikilize kabla hujaondoka," Adolfu alisema. "Mimi ni mzazi wa Lyasenga. Nimekuja kuuliza kwa nini shule mbovu inapewa mwalimu na shule nzuri inanyimwa. Je, serikali inalipa uvivu?"

Bi. Kristiana aliivua helmeti. "Baba, wewe ni mkulima?"

"Ndiyo."

"Viwavi wakiingia shambani kwako, ukamwita bwana shamba, unamwonyesha mahindi gani? Yaliyo mazima au yaliyoliwa?"

"Yaliyoliwa."

"Kwa nini?"

"Ili ajue dawa ya kunipa." Adolfu alisita. Akahisi joto usoni, ingawa upepo ulikuwa baridi.

"Karibu ndani," Bi. Kristiana alisema. "Jambo hili halisemwi kwa kusimama."

Waliketi. Bi. Kristiana aliongea polepole, lakini hakubembeleza.

"Kazi yangu ni kutembelea kila shule ya kata hii mara kwa mara. Naangalia kama walimu wanafundisha, kama watoto wanahudhuria, na kama wanaelewa. Walimu wakuu wananiletea matokeo ya majaribio. Mimi nayapeleka kwa Afisa Elimu wa halmashauri. Yeye na wenzake wanalinganisha shule zote. Kisha wanauliza: watoto waliokwama wako wapi? Walimu wenye ujuzi ni wachache. Vitabu havitoshi kila mahali kwa wakati mmoja. Kwa hiyo msaada unatangulia pale penye haja kubwa."

"Na wale wanaoitwa wathibiti ubora wa shule? Nao ni ninyi?"

"Hapana. Wale ni wa wizara. Wanakagua, wanatoa ushauri, na wanaandika taarifa. Halmashauri ndiyo inayosimamia shule zake siku kwa siku, na ndiyo inayopaswa kuufanyia kazi ushauri wao."

"Mama, ninyi nyote mnakuja na gari jeupe. Sisi tutawatofautishaje?"

Bi. Kristiana alicheka kwa mara ya kwanza. "Ulizeni. Mgeni wa shule ana wajibu wa kueleza yeye ni nani na amekuja kufanya nini. Mzazi ana haki ya kuuliza."

"Shule dhaifu inafungwa?"

"Nani kasema? Tukiifunga, watoto watakwenda wapi? Tunaifuatilia ili tuisaidie. Ni kweli kwamba mwalimu mkuu anaulizwa maswali, tena makali. Mzembe anachukuliwa hatua. Lakini mwalimu anayesema, 'Hapa nimekwama, nisaidieni,' huyo si mzembe."

Adolfu alitazama mikono yake. Sasa alielewa, na kuelewa kule kuliuma kuliko kutoelewa.

"Mama, siku mliyokuja watoto hawakuwa na mafua."

"Walikuwa wapi?"

"Tuliwapeleka kuamia ndege. Wote wasiojua kusoma. Binti yangu alikuwa miongoni mwao. Niliona kwamba si sawa, na nilinyamaza."

Bi. Kristiana aliiweka helmeti juu ya meza.

"Mlinidanganya," Bi. Kristiana alisema. "Nami nikaidanganya halmashauri bila kujua. Niliandika kwamba Lyasenga haina tatizo la kusoma. Mwalimu yule wa Itelele angeweza kuwa kwenu leo. Wala sijitoi lawamani. Niliwatangazia siku ya kuja. Niliona madawati yako wazi, nikaridhika na jibu la mafua. Ofisa anayeridhika upesi hajafanya kazi yake."

"Mwalimu huyo hawezi kugawanywa?"

"Mwalimu si mkate, baba. Sitakuahidi kitu ambacho sina. Lakini kuna linalowezekana, mradi mseme ukweli mbele ya wote. Siwezi kupeleka habari ya mtu mmoja. Itisheni kikao cha wazazi. Nitakuja."

Kikao kilifanyika uwanjani, watu wakiota jua kando ya ukuta wa darasa. Mzee Wilibrodi alifungua kwa kulalamika juu ya Itelele. Alipomaliza, Adolfu alisimama.

"Mnamjua Luciana wangu," alisema. "Mmemsikia kanisani. Luciana hajui kusoma. Hata neno 'mama' hawezi kulisoma. Siku ya wageni nilimficha shambani. Kwa hiyo msaada ulipotafuta watoto waliokwama, haukumkuta. Tumeachwa kwa sababu tulijificha wenyewe."

Minong'ono ilienea. Wilibrodi alipiga fimbo chini.

"Adolfu, unakivua nguo kijiji mbele ya afisa!"

"Mzee, kijiji kina nguo. Asiye na nguo ni mtoto wangu. Akiingia Darasa la Saba hajui kusoma, jina la Lyasenga atalivaa?"

Watu hawakucheka. Mama mmoja aliyekaa chini alisimama akiwa na mtoto mgongoni. "Wangu pia alikuwa kwenye ulezi," alisema. Baba mwingine akasema, "Wangu wawili." Kisha wakasimama wengine, hapa na pale, hata ikawa vigumu kumwona aliyekaa. Ndipo Mwalimu Basil naye akasimama.

"Nilijua," alisema. "Niliogopa kuulizwa, nikaacha madawati yaseme uongo kwa niaba yangu. Leo naomba niulizwe."

Mzee Wilibrodi peke yake ndiye aliyebaki ameketi, ameshika fimbo yake.

Bi. Kristiana hakupoteza wakati kwa lawama. Wiki ile ile alirudi bila kutangaza siku. Alikaa na kila mtoto peke yake, kuanzia Darasa la Pili hadi la Nne, akamsikiliza akisoma. Wengine walijua sentensi. Wengine walijua silabi. Wengine, kama Luciana, walianza na herufi. Mtoto mmoja tu hakupatikana, naye ni Jenifa, mjukuu wa Wilibrodi, aliyesoma darasa moja na Luciana. Waliambiwa yuko mji wa Laela, kwa mjomba wake.

Taarifa mpya ilikwenda halmashauri. Jibu lilirudi: mwalimu wa kuongeza hakuna mpaka mwakani. Adolfu alikata tamaa aliposikia hivyo.

"Kwa hiyo nilijivua nguo bure?" alimwuliza Bi. Kristiana.

"Subiri nimalize. Halmashauri imekubali mwalimu wa Itelele aje kwenu kila Ijumaa. Hatawafundisha watoto. Atawafundisha walimu wenu namna ya kuwagawa watoto kufuatana na kile wanachokijua, si kufuatana na darasa walilomo. Vitabu vya hadithi vitakuja. Mwalimu Basil ataniletea maendeleo ya kila kundi kila mwezi, nami nitakuja kuhakikisha kwa masikio yangu. Nanyi mnalo la kwenu."

"Sisi tuna nini?"

"Mahindi. Mtoto mwenye njaa mchana hajifunzi. Changeni, wapikiwe uji. Na asibaki mtoto shambani siku ya shule, awe mzito au mwepesi."

"Yaani Itelele waje kutufundisha sisi!" mtu mmoja alinung'unika.

"Ndiyo," Rozina alijibu kabla ya afisa. "Na uji wao mtawapikia ninyi."

Adolfu alirudi nyumbani, akamwambia Luciana yote, kama alivyokuwa ameahidi. Luciana alimsikiliza hadi mwisho.

"Nitakaa kundi gani?"

"La herufi. Pamoja na watoto wa Darasa la Pili."

"Watanicheka."

"Watakucheka," Adolfu alikubali. "Sitakudanganya. Watacheka wiki moja, kisha watachoka."

Luciana alifikiri. Halafu akazitoa nguo zake katika mfuko, akazirudisha kwenye kamba, moja moja.

Walicheka zaidi ya wiki moja. Lakini kundi la herufi lilikuwa na kazi nyingi, na mwenye kazi hana nafasi kubwa ya kuona haya. Kila asubuhi walitamka, wakajenga silabi kwa vipande vya kadi, wakasoma maneno mafupi. Anayefaulu alihamia kundi la juu siku hiyo hiyo, pasipo kungoja wenzake. Luciana alihamia kundi la silabi mahindi yakiwa bado hayajapukuchuliwa. Alihamia kundi la sentensi wakati wa kuandaa matuta. Jioni alimsomea mama yake hadithi karibu na moto, akifuata mstari kwa kidole. Alipokwama, Rozina hakumsaidia. Alisubiri tu, mwiko mkononi, hata ugali ukaungua siku moja.

Bi. Kristiana alikuja alivyosema, bila kutangaza. Mara nyingine aliridhika. Mara nyingine alimwuliza Mwalimu Basil maswali makali, kwa nini kundi fulani halisogei. Wazazi walizizoea sauti zao ofisini. Hakuna aliyemkimbizia mtoto shambani tena.

Upimaji wa Darasa la Nne ulifanyika. Mwaka mpya ulipoanza, wazazi waliitwa darasani kusikia matokeo. Adolfu alisimama nyuma. Mwalimu Basil alisoma majina ya waliofikia kiwango cha kuingia Darasa la Tano. Alisoma majina mengi. Jina la Luciana lilikuja karibu na mwisho.

Hakuwa wa kwanza, wala wa katikati. Adolfu hakujali. Alimshika Rozina mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amezoea kulifanya.

Jina la Jenifa, mjukuu wa Mzee Wilibrodi, halikusomwa.

Watu waliona, wakatazama chini kwa heshima ya mzee. Bi. Kristiana aliuliza kama kuna mwenye neno. Kikao kilikuwa kinakaribia kufungwa Wilibrodi alipoinuka. Safari hii hakupiga fimbo. Alikwenda taratibu hadi nyuma ya darasa, akarudi amemshika mkono mtoto wa kike aliyekuwa amejificha nyuma ya wanawake.

"Huyu ni Jenifa," alisema. Sauti yake nzito ilikuwa imepungua. "Hakuwa Laela. Alikuwa nyumbani kwangu, ndani, siku ile afisa alipowapima watoto, na baadaye sikukubali akae katika kundi lolote. Hajui kusoma. Mimi ni mwenyekiti wa kamati, na mjukuu wangu hajui kusoma. Wote mmesikia?"

"Tumesikia, mzee," watu walijibu kwa sauti ya chini.

"Basi." Akamgeukia Bi. Kristiana. "Mama, huyu anaanzia wapi?"

Bi. Kristiana alitoa kadi za herufi katika mkoba wake, akaziweka juu ya dawati. Kisha akavuta benchi, akampigapiga Jenifa begani kumkaribisha.

"Anaanzia hapa," alisema. "Keti, mwanangu. Nawe mzee, keti naye."